Sisi Tuliofua Nguo za Kambi

Doa la kutu halitoki kwa sabuni. Wasichana, hilo nawaambia kwanza kwa sababu naona mnavyomaliza dawa za chupa kwa kitu kinachotaka ndimu na chumvi tu. Kamulia ndimu juu ya doa, nyunyizia chumvi, tandaza nguo kwenye jua la saa sita, na likianza kufifia ongeza ndimu tena. Usisugue. Suuza kwa maji mengi. Nimefua nguo za watu miaka zaidi ya arobaini, kwanza kwa mikono hapa Voi, baadaye hotelini mpaka nikastaafu, na sijaona kutu iliyonishinda.

Ningependa kuyasema hayo kwa majivuno lakini siwezi. Doa moja nililolitoa vizuri kabisa lilimpeleka jela mwanamke aliyenifundisha kazi hii, na tangu siku hiyo mji mzima ukamwita mwizi. Nimekaa na jambo hili kifuani tangu nikiwa msichana kama nyinyi. Mwezi uliopita nilikasirika vya kutosha kulitoa.

Walikuja watu wa kuandikisha majina ya waliopigania uhuru. Chifu akatangaza, nasi wazee tukaenda, tukakaa kwenye viti vya plastiki. Wanaume waliitwa kwanza. Mmoja wao namjua tangu ujana wetu. Wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni alikuwa akiuza maandazi stesheni, na mahabusu waliposhushwa kwenye treni alikuwa akifunika karai lake na kugeukia ukuta. Alisimulia vita kwa dakika ishirini, akaandikwa. Zamu yangu ilipofika nikasema sikuja kwa ajili yangu, nimekuja kwa ajili ya Bi Zuhura, ambaye sasa ni marehemu.

"Alikuwa na cheo gani?" kijana mwandishi akauliza, macho yake kwenye kompyuta.

"Alikuwa dobi."

"Dobi wa wapiganaji?"

"Dobi wa askari wa kambi."

Akainua macho. Watu wakacheka. "Sasa shosho, huyo si alikuwa upande ule mwingine?"

Nyuma yangu mzee wa maandazi akadakia, "Si ni yule Zuhura wa Mashati? Yule alifungwa kwa wizi!"

"Kama ni wizi," kijana akasema, "hapa sina pa kuandika." Akaita mtu mwingine.

Niliondoka. Nawaambia ukweli, niliondoka mdomo wangu umefungwa, kama nilivyoufunga miaka yote hiyo. Usingizi haukuja. Kwa hiyo nisikilizeni nyinyi kwanza, kisha nitawaambia nilifanya nini kesho yake.

Nilishuka kutoka Mwanda, milimani Taita, nikiwa na miaka kumi na minane. Shule nilikuwa nayo ya miaka minne, ya misheni, na huko nilikuwa nimefundishwa kwamba nguo yenye doa ni aibu mbele ya watu na mbele ya Mungu. Bi Zuhura alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Salama, mtoto wa miaka tisa. Watu wao walitoka pwani, wakaja na reli. Alikuwa na nyumba ya mabati nyuma ya stesheni, na uani kamba sita za kuanikia. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na hayo machache yalichoma.

"Umewahi kufua kaki?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nimefua, Bibi."

Akanipa kaptura moja ya askari. Nikaifua kama tulivyofua nyumbani, kwa maji ya Voi, ambayo yana chumvi na sabuni haitoi povu. Alipoiona akaishika kwa vidole viwili. "Wee mwana, hii umeifua ama umeiogopesha?"

Akanionyesha. Unachuja maji ya majivu kwanza, ndipo sabuni ishike. Wanga unaupika kwa unga wa muhogo, mwepesi kama uji wa mgonjwa, na unatia nguo ikiwa bado na unyevu. Pasi ya makaa unaipitisha kwenye jani la mgomba ili iteleze. Kaki ukiitia wanga sawasawa na kuipiga pasi inasimama wima yenyewe ukutani, kama kuna mtu ndani. Na kila shati lilikuwa na alama ya dobi: nyuzi nyekundu zilizoshonwa ndani ya kola, mbili kwa huyu, tatu kwa yule, msalaba kwa mwingine. Nguo mia zote za rangi moja, lakini kwa alama zile unajua ya nani ni ipi.

Wateja wetu walitoka kambi ya kufungia watu, iliyokuwa nyikani nje ya mji. Lori lilileta nguo chafu za askari na makarani na kuchukua safi kila Jumanne na Ijumaa. Mahabusu wenyewe hatukuwafulia. Hao tuliwaona stesheni tu, wakishuka kwenye mabehewa, wamefungwa wawili wawili, watu wa bara waliochukuliwa makwao bila hata kesi.

Niliona haya kwa macho yangu: mtu mmoja aliomba maji. Mwanamke mmoja akatoa kibuyu, akakisogeza. Sajini wa kambi akakichukua, akakifungua, na akamwaga yale maji yote chini mbele ya yule mtu, polepole, akimtazama. Vumbi jekundu likayanywa. Na hapa Voi maji tulikuwa tukipigia foleni! Mwenye kibuyu alikuwa Bi Zuhura. Tulirudi nyumbani, akafua mpaka vidole vikavimba. Mtu akiniuliza mama wa Kiislamu wa Voi alikuwa na shughuli gani na vita vya watu wa bara, namjibu ni hiyo.

Mimi nilitaka kulipiza. Nilikuwa mtoto. Nilichuma upupu kichakani, nikajipaka mafuta mikononi usinishike, na Ijumaa ile nikakung'uta vinywele vyake ndani ya kaptura ya sajini baada ya pasi. Jumamosi kulikuwa na gwaride mbele ya mkubwa mmoja aliyetoka Nairobi. Dereva wa lori alitusimulia akiwa ameshika mbavu: sajini alivumilia dakika tano, ya sita akaanza kutikisika, ya saba akatupa fimbo na kukimbilia tangi la maji akiwa amejishika mahali ambapo mwanamume hajishiki mbele ya mkubwa.

Nilicheka hadi machozi. Bi Zuhura hakucheka. Alingoja lori liondoke, akanivuta sikio.

"Umefanya wewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wakinusa kitu, watapekua hapa. Unajua wakipekua hapa watakuta nini?"

"Sijui."

"Vyema. Endelea kutojua."

Alikwenda mwenyewe kwa sajini, akamwambia nguo zilianguka kwenye majani, akaomba radhi mbele ya askari wake. Sajini akamtukana matusi ambayo siyatamki. Alirudi akaendelea kupika wanga.

Tangu hapo nikaanza kuona mambo. Kulikuwa na karani mmoja wa ofisi ya kambi, kijana mpole, alama yake nyuzi nne. Shati moja la karani huyu lilikuwa na doa la kutu chini, sehemu inayoingia ndani ya suruali. Wiki nyingine lilikuja bila doa, na likarudi kambini na doa. Nikamkuta Bi Zuhura amelaza msumari wenye kutu juu ya shati bichi. Dobi anachafua nguo! Siku nyingine nikamkuta anashona kola baada ya kuipiga pasi, jambo ambalo hakuna dobi anayelifanya.

"Bibi, shati hili niache nilisafishe?"

"Doa la karani usiliguse. Hata likikukera. Hata nikiwa sipo. Umenisikia?"

"Nimesikia. Kwani lina nini?"

"Ukikamatwa hujui, hutakuwa na la kusema. Nenda kaanike."

Basi, wasichana, hapo ndipo penye kosa langu, na silipunguzi. Nilikatazwa waziwazi. Jumatatu moja Bi Zuhura alikwenda kwenye maziko ya shangazi yake Mombasa, akaniachia nguo zote zikiwa tayari, zimebaki kupangwa tu. Ijumaa iliyotangulia sajini alikuwa amenisimamisha karibu na lori mbele ya wanaume wote.

"Wee wa milimani," alisema, "huko kwenu mnafua kwa mawe? Angalia shati la karani, kila wiki linarudi na uchafu. Wanawake wa Taita hawajui sabuni."

Wanaume wakacheka. Maneno hayo yaliniingia. Jumatatu nikipanga nguo nikalikuta lile shati na lile doa. Nikasema, hapana. Wataona kama hatujui. Nikachukua ndimu mbili na chumvi, nikalowesha pale chini tu, kola sikuigusa. Saa nane doa halikuwepo. Nikapiga pasi upya, nikaliweka juu kabisa ya kifurushi ili sajini alione. Jumanne asubuhi lori likachukua.

Bi Zuhura alirudi na treni Jumanne hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Nikamwambia kila kitu kimekwenda salama. Na nikaongeza, kwa furaha, Mungu anisamehe: "Hata lile doa nimelitoa. Shati limetakata kama jipya."

Aliketi juu ya karai lililopinduliwa. "Umelitoa."

"Kwa ndimu."

Ndipo akaniambia. Kwa mara ya kwanza. Ndani ya kola mlikuwa na karatasi nyembamba ya sigara yenye maandishi, na wanga mzito uliificha isisikike. Karani alikuwa akiipitisha kwa mahabusu, na majibu yakitoka kwa njia hiyo hiyo. Doa lilimwambia karani leo kuna kitu. Lakini lilikuwa na kazi ya pili. Karani alilala chumba kimoja na mkalimani wa kambi, ambaye alikuwa ndiye masikio ya wakubwa, na alipenda kupendeza. Waliazimana mashati. Shati lenye doa mkalimani hakulitaka hata kulishika. Shati safi angelivaa.

"Ndani mna majina ya wanawake watatu wa hapa mjini," alisema, "ili mtu akitoroka ajue mlango wa kubisha. Kola ikilowa jasho, karatasi itajitokeza." Akavaa buibui lake. "Inuka. Tunakwenda kuchukua nguo chafu."

Nguo chafu za siku hiyo lori lilikuwa limekwisha kuzileta asubuhi. Tulipanda lori la kuni. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nje ya seng'enge, na sisi madobi tulizoeleka pale, hakuna aliyetuuliza. Karani alikuwa ofisini. Chumba kilikuwa wazi, na shati lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa upande wa mkalimani. Tayari lilikuwa lake. Mimi nilisimama mlangoni na kapu. Bi Zuhura alilichukua, akaitia kola mdomoni, akakata nyuzi kwa meno. Nikamwona akitafuna.

Mkalimani alitokea upande wa jikoni, na mimi sikumwona mpaka alipokuwa amenifikia. Nilipaswa kukohoa. Sikukohoa.

"Mama, unafanya nini na shati langu?"

Bi Zuhura alilisukuma shati ndani ya buibui. Hakujibu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Mkalimani akapiga kelele, sajini akaja mbio. Walipolivuta lile shati, karatasi ilikuwa imekwisha kumezwa.

"Kola imekatwa," sajini alisema. "Kwa nini imekatwa?"

"Nilitaka kutoa alama ya dobi," Bi Zuhura alisema, sauti yake kavu lakini haikutetemeka. "Nikaliuze. Nina mtoto, nina shida. Nimeiba, ndiyo."

Oneni akili ya mwanamke huyo, katika muda wa kumeza mate. Angesema amekuja kushona, wangemuuliza kushona nini, na maswali ya kambi ile yaliulizwa kwa fimbo. Mwizi haulizwi sana, anafungwa tu. Alichagua jina ambalo lingewatosheleza haraka.

"Na huyu?" sajini akanielekezea mimi.

Bi Zuhura alinitazama kama mtu anayetazama nguo iliyoharibika. "Huyu? Huyu hajui kitu. Hata kufua hajui."

Sajini akacheka, kwa sababu ndivyo alivyoamini. Akaniambia nitoke. Nikatoka na kapu tupu.

Alifungwa miezi tisa, huko pwani. Wanawake wale watatu hawakuguswa, wala karani. Salama nilimchukua akalala kwangu. Kila asubuhi kwenye bomba la maji watoto walimngoja. "Salama, leo umevaa shati la nani?" Wakubwa walisikia na kutabasamu. Alikuwa anajua kusoma kuliko wote, na akaacha shule kabla mama yake hajarudi. Mimi nilimsuka nywele, nikampikia, nikampangusa machozi, na sikumwambia neno. Nilijidanganya kwamba ni kwa usalama wake. Baadhi ya siku ilikuwa kweli. Siku nyingi ilikuwa aibu yangu tu.

Bi Zuhura alipotoka hakunilaumu. Aliniuliza kama pasi imepata kutu. Wateja hawakurudi, nani ampe mwizi nguo, kwa hiyo nilifua kwa jina langu na yeye akikunja ndani, asionekane. Uhuru ulipokuja nilimwambia, "Bibi, sasa sema." Akaniambia, "Wakija kuuliza, nitasema." Hawakuja. Yule mkalimani alipewa ofisi. Sajini alizikwa kwa heshima zote. Bi Zuhura alizikwa na watu kumi na moja, na nilisikia kwa masikio yangu mmoja wao akinong'ona habari ya mashati hapo hapo kaburini.

Hilo ndilo linalonichoma. Wanawake wa kazi hii waliingia mahali ambapo mwanamume mwenye bunduki hakuweza kukaribia, kwa sababu hakuna aliyewatazama mara mbili. Hakuna aliyewatazama wakati ule, na hakuna aliyewatazama baadaye. Kudharauliwa kuliwasaidia kufanya kazi, kisha kukawazika.

Kesho yake baada ya kile kikao nilirudi. Yule kijana alikuwepo, na mzee wa maandazi pia alikuwepo, amekuja kuchukua soda. Sikungoja kuitwa. Nilivuta kiti mbele ya kompyuta, nikasema yote niliyowaambia nyinyi, kwa sauti ya kusikika.

"Shosho, una ushahidi?" kijana akauliza, safari hii taratibu.

"Mimi ndiye ushahidi. Nilikuwa mlangoni."

"Hakuna karatasi yoyote?"

"Karatasi aliimeza. Nimekwambia sasa hivi."

Hakuna aliyecheka. Kijana akaanza kuandika, akinisomea kila mstari. Kwenye kazi akataka kuweka "msaidizi wa wapiganaji". Nikamwambia aandike dobi. Alipofika kwangu akasema, "Hii ya doa, ya kosa lako, si lazima iingie."

"Iandike," nikamwambia. "Usipoiandika, watu watauliza alifuata nini mle chumbani, na watarudi kule kule kwa wizi."

Aliandika. Hakuniahidi kwamba wakubwa wake watakubali. Chifu alinipigia mhuri nakala moja, na nikaenda nayo moja kwa moja hadi kwa Salama.

Salama sasa ni bibi kizee, macho yake yamefifia. Nilimkuta uani anachambua kunde kwenye ungo. Nikamwambia nina karatasi inayomhusu mama yake, nikasoma mwanzo hadi mwisho, pamoja na jina langu. Mikono yake ilisimama mahali fulani katikati, kisha ikaendelea.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ile."

"Na mimi nililala kwako miezi tisa."

"Ndiyo."

"Ukinisuka."

"Ndiyo, Salama."

Aliendelea kuchambua kunde. Sikuomba msamaha, maana niliona ningekuwa namwomba anipe kitu tena. Nilikunja ile karatasi nikaiweka kando ya ungo, nikaanza kuinuka.

"Unakwenda wapi? Soma tena."

Nikaanza kutoka juu. Akanikatiza kwa mkono.

"Si huko. Pale pa kuiba."

Nikatafuta mstari. "Hakuiba shati lile wala nguo nyingine yoyote."

"Tena."

Nikasoma tena. Upande wa pili wa ua, jirani yake, mwanamke wa rika la Salama aliyekulia mtaa ule ule, alikuwa akianua nguo, na alikuwa ameacha kuanua ili atusikilize. Salama aliugeuza uso wake kule ambako sauti ya kamba ilikuwa imenyamaza.

"Simama," akaniambia. "Soma kwa nguvu. Yule naye alikuwa bombani."

Nikasimama, nikasoma.